Nani Alitia Chewa?

9 Machi

Tangi la samaki limefika. Hoteli moja ya mji jirani wa Masoko imefungwa, na mwenyewe hakujua pa kulipeleka dude la kioo lenye urefu wa kitanda. Nikamwambia nipe mimi. Wanaume wameliingiza chumba cha mbele, wakaliweka dirishani upande wa barabara, na tayari mtaa mzima unasema Mwalimu Bertha amejinunulia jeneza la kioo.

Waseme. Masika yakiisha, Kivinje itakaa kikao kuamua kama Mwamba wa Majongoo ufungwe msimu mzima, asivue mtu, asichokoe mtu pweza, mpaka mwamba upumue. Nimeupigania magazetini na redioni mpaka sauti imekauka. Watu wananisikiliza, wananipigia makofi, kesho yake wanakwenda kuukomba. Nadhani nimejua kwa nini. Wengi wa mji huu wanamjua samaki akiwa amekwisha kufa. Wanajua ladha yake, bei yake, na dawa ya mwiba wake. Hawajapata kumwona akiishi na wenzake. Nitawaonyesha.

14 Machi

Maji ya ufukwe wetu ni tope la mikoko. Khamisi, mpiga mbizi, ananiletea maji safi ya nje ya miamba, madumu kwa madumu. Ana watoto watatu na maneno machache. Mtu wa maneno machache huwa simwamini haraka, lakini maji yake ni meupe.

Kuchagua samaki wa kukaa pamoja ni kazi ya kuandika katiba. Nimesoma kila nilichokipata, na waandishi wote wanagombana, jambo linalonipa imani nao. Nimejiwekea sheria. Kwanza, mdomo: samaki ambaye mdomo wake unaweza kumpitisha mwenzake, atampitisha, hata awe mpole vipi. Pili, mpaka: samaki aitwaye kangaja, mmoja ni raia mwema, wawili ni vita. Tatu, chakula: samaki kipepeo ni mzuri kuliko wote, lakini anatafuna matumbawe hai, ni kama mgeni anayekula ukuta wa nyumba. Na wapole watangulie kuingia, wakorofi wafuate, maana anayetangulia hudhani nyumba ni yake. Hili la mwisho lingefaa kufundishwa kwenye ofisi zetu.

22 Machi

Raia wameingia. Wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari meupe, na lile ua lao la vidole vinavyowasha ambamo wao tu ndio wanaothubutu kulala. Wadogo watano wa buluu. Kangaja mmoja. Na yule mwembamba mwenye mstari mweusi, kazi yake kusafisha wenzake.

Kazija aliingia kabla sijamaliza kufuta maji sakafuni.

"Hodi, mtani! Nasikia umeanza kufuga kitoweo."

"Karibu, ila mikono yako weka mgongoni."

"Ninyi Wamwera bahari mmeiona kwenye kalenda. Juzi mlikuwa kwenu Rondo mnafukuza panya, leo unamchagulia samaki mchumba?"

"Na ninyi Wamatumbi mmeshuka milimani jana, mkajifunga kanga mkajiita watu wa pwani."

Ndiyo salamu yetu. Mmwera na Mmatumbi ni watani. Atanitukana, nitamtukana, na atakayekasirika ndiye atakayekuwa na kosa. Lakini Kazija ni zaidi ya mtani. Ndiye kiongozi wa wanawake wanaochokoa pweza mwambani, na pale wao wanapoelekea ndipo kikao kitakapoelekea. Mwamba ukifungwa, wao ndio watakaolala njaa kwanza.

Alisimama mbele ya kioo. Yule mwembamba alikuwa ameingia kinywani mwa kangaja.

"Anamwosha meno?"

"Anamwosha."

"Na mwenzake hafungi mdomo?"

"Hafungi."

Akavuta kigoda, akakaa. Hakutania tena mpaka alipoondoka. Nadhani nimeupata ufunguo wa mji huu.

23 Machi

Mvua. Watoto wamejaa dirishani mpaka kioo kimepata ukungu.

29 Machi

Saad amekuja. Ndiye mwenye masanduku ya barafu, ndiye anayenunua samaki wote wa Majongoo na kuwapeleka Dar, na ndiye anayesema pembeni kwamba kufunga mwamba ni wazimu wa watu waliosoma. Leo alikuwa asali.

"Mashaallah, Mwalimu. Hii kazi si ndogo. Umeme ukikatika inakuwaje?"

"Kuna betri."

"Na ukisafiri?"

"Kuna watu."

"Akina nani?"

Mtu ambaye maisha yake yote hajamtazama samaki bila kumpima kilo, leo anauliza nani anabaki na funguo zangu. Nikamwambia aende salama. Aliinama, akagusa kioo kwa kidole kimoja, akatabasamu. Tabasamu lile limenikaa vibaya.

3 Aprili

Siku mbaya, na najua nitaambiwa ni mimi niliyeiharibu.

Tangu wiki iliyopita watu wamekuwa wakija na ndoo. Hapa kwetu mtu haendi kutazama kitu kipya cha jirani mikono mitupu. Mtoto akizaliwa, unaleta sabuni. Nyumba ikiezekwa, unaleta mchele. Sasa Mwalimu ana tangi, basi wanaleta samaki. Mmoja ameleta bunju aliyevimba kwa hasira. Mwingine ameleta kikande, mwenye meno ya kukata waya. Wote niliwarudisha kwa maneno ya kistaarabu, kwa kadiri ya ustaarabu wangu.

Leo alasiri akaja Nahodha Tawakali. Sijawahi kumwona mzee yule akibisha mlango wa mtu. Alikuwa amevaa kofia yake ya Ijumaa, na mkononi ndoo yenye chewa mdogo, madoadoa mekundu, urefu wa kiganja.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba, Mwalimu. Huyu ametoka Majongoo penyewe. Nimemtoa kwenye mshipi kwa mkono wangu, hana jeraha. Nimesema mwamba ukitajwa nyumbani kwako, na wa kwangu awepo."

Barazani walikuwapo watu kama kumi. Nikatazama ndoo. Nikaona mdomo tu.

"Nahodha, huyu akiingia humu, kufika kesho ana chakula cha wiki. Mpelekee mkeo akamuunge kwa tui."

Watu walicheka. Mzee hakucheka. Alifunika ndoo kwa kitambaa, akasema, "Haya, Mwalimu," akashuka ngazi taratibu kwenye manyunyu. Baada ya hapo kila aliyekuwa barazani alikumbuka ana shughuli kwingine.

Nilikuwa na haki. Naandika hapa ili iwepo mahali fulani: nilikuwa na haki.

4 Aprili

Kazija leo hakupiga hodi.

"Umemfukuza Tawakali mlangoni."

"Nimekataa samaki, sikumkataa mtu."

"Zawadi ina mwenyewe. Unajua wanasemaje sokoni? Wanasema Mwalimu anachagua nani akae na nani. Leo anachagua samaki, mwamba ukishafungwa atachagua watu."

"Nani anasema? Saad?"

"Mimi nasema," akajibu. "Kamwombe radhi."

"Kwa kosa gani?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mvua akiwa amesahau nguo kambani.

6 Aprili

Mvua. Watoto wamepungua.

11 Aprili

Naenda Lindi. Redio imeniita kujibizana na bwana mmoja anayedai samaki wa baharini hawawezi kwisha. Funguo nimemwachia Kazija, awalishe. Khamisi ataangalia pampu. Siku mbili tu.

20 Aprili

Siku mbili zimekuwa wiki nzima na zaidi. Mvua ilikata barabara, daraja moja likazama, mabasi yakalala pande zote mbili. Yule bwana nilimshinda, kwa faida gani.

Nimerudi leo. Wa buluu walikuwa watano, nimewakuta wawili, nao wamejibana nyuma ya pampu. Yule msafishaji hayupo. Wale wa machungwa hawatoki ndani ya ua lao. Kangaja amepauka rangi. Hakuna mzoga hata mmoja, hakuna mwiba, maji ni safi.

Kazija alikuja na kunde. Nikamuuliza.

"Wamehama," akasema. "Nimewaletea mpangaji mpya, hawakumpenda."

"Kazija, sitanii."

"Basi nimewala mimi. Yule mwembamba alikuwa mtamu, kama dagaa wa Kigoma."

Nikacheka, maana ndivyo inavyotakiwa. Baadaye nikamwita Khamisi. Huyu hakutania. Alijifuta jasho.

"Mimi pampu tu, Mwalimu. Nilikuwa naingia, naangalia, natoka."

"Kuna mtu uliyemkuta humu?"

"Mimi pampu tu."

Mtu akirudia jibu mara mbili, jibu la tatu ndilo la kweli, na hilo hakulitoa.

24 Aprili

Amebaki mmoja wa buluu. Namshuku Khamisi: anawauza. Kwa nani? Masanduku ya barafu ni ya nani hapa Kivinje?

25 Aprili

Wa buluu wameisha.

28 Aprili

Nimemwona.

Nilikuwa nimekaa karibu na kioo baada ya chai, nasahihisha makala. Kwenye uwazi chini ya jiwe kubwa, mahali nilipodhani ni kivuli tu, kivuli kikapepea mapezi. Halafu jicho. Halafu mdomo ule, mdomo niliouona kwenye ndoo, au wa ndugu yake. Chewa wa madoadoa mekundu, tumbo limeshiba kama mjumbe aliyetoka semina.

Kwa hiyo hakuna aliyeiba. Kuna aliyetia. Hii ni akili kubwa kuliko wizi, na mji huu una mtu mmoja mwenye akili ya namna hii. Fikiri: nani anafaidika tangi langu likigeuka machinjio wiki tatu kabla ya kikao? Nani aliuliza nikisafiri nani anabaki? Nani aligusa kioo akatabasamu? Tawakali hawezi. Tawakali ana heshima zake, na mtu aliyefedheheshwa mlangoni harudi kupitia dirishani.

Nilikwenda moja kwa moja soko la samaki. Saad alikuwa anapima, mzani mkononi.

"Saad! Samaki wako nimemkuta."

"Samaki gani, Mwalimu?"

"Chewa uliyemtia kwenye tangi langu nikiwa Lindi. Ulishindwa kujibu hoja, ukaona umtume samaki."

Wanunuzi waligeuka kututazama. Yeye akauweka mzani chini polepole.

"Mwalimu, mimi chewa namuuza. Simpotezi kwenye makabati ya watu."

Wakacheka wao. Nikawaambia yote niliyoyajua juu ya biashara yake, na machache niliyokuwa nayakisia. Nilizungumza vizuri. Niliporudi nyumbani nilikuwa na furaha, na furaha ya namna hiyo mimi nimeishi nayo miaka mingi kiasi kwamba ningepaswa kuishuku hiyo pia.

2 Mei

Kazija amekuja asubuhi, amevaa kanga ya kwenda msibani. Akakataa kigoda.

"Chewa nimemtia mimi."

"Mtani, leo sina nafasi ya—"

"Nilikwambia siku ile ile uliyorudi. Nikakwambia nimewaletea mpangaji. Ukacheka."

Nikakaa mimi.

Siku niliyoondoka, alisema, alikwenda kwa Tawakali. Alimkuta chewa bado hai kwenye pipa, mzee anambadilishia maji kila asubuhi, amekataa mtu yeyote asimle. Kwao aibu ya mtani huzolewa na mtani. Mimi nikivunja, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuingia nyumbani kwangu na kuunga. Akamwambia mzee kwamba Mwalimu amejutia, ila ana kiburi cha Kimwera, amemtuma yeye. Mzee akafurahi hadi akamshika mkono. Khamisi alishuhudia, akaapishwa kunyamaza.

"Lakini Kazija, wewe umekulia mwambani! Unamjua chewa!"

"Namjua. Nilimlisha kwanza. Nilimpa dagaa mpaka akageuza kichwa. Nikasema, mgeni aliyekula nyumbani kwako hakudhuru. Na siku ya kwanza hakudhuru, Mwalimu. Alikaa kwa adabu. Nikaenda zangu. Mvua ikakushika Lindi, dagaa wakaisha."

Nilitaka kupiga kelele. Lakini nimgombeze nani? Mtani hagombezwi. Ningemgombeza ningekuwa nimeuvunja utani wenyewe. Na zaidi ya hapo nikaona kitu kibaya kuliko samaki waliokufa: mtu pekee niliyemwachia funguo ndiye mtu pekee ambaye sikumshuku, na aliniambia ukweli uso kwa uso, nami nikaenda kuutafuta kwa mtu ninayemchukia.

"Saad utamwambia nini?" akauliza.

Nikainuka kuwatazama waliobaki.

3 Mei

Mvua. Kangaja amekufa. Si kwa mdomo, ni kwa hofu.

11 Mei

Amebaki chewa na wale wawili ndani ya ua lao. Anawazunguka. Kumtoa ni kumfukuza Tawakali mara ya pili, basi nimemwacha. Ana njaa. Nampa vipande vya ngisi, anakula, anarudi kuwazunguka. Kioo kwa kioo, pembe kwa pembe. Watoto wamerudi kumtazama yeye, ndiye wanayempenda. Mtoto mmoja ameniuliza, "Mwalimu, mbona wenzake hawakukimbia?"

Nikamwambia hapakuwa na mahali. Nimekaa na jibu hilo siku nzima.

18 Mei

Kikao.

Walikaa chini ya bati la soko la samaki, wanaume upande wa mizani, wanawake upande wa ngazi. Anga limefunguka, hakuna mvua. Saad aliomba kusema mapema, na nilijua atakachosema kabla hajasimama.

"Mimi si msemaji. Namuuliza Mwalimu neno moja. Alituambia samaki wanaisha kwa sababu yetu. Akaweka samaki wake, akawachagua mwenyewe, mmoja mmoja. Wamekwenda wapi? Wamekulana! Nani alipiga baruti ndani ya kile kioo? Nani alitupa nyavu chumbani kwa Mwalimu?"

Vicheko vilipiga bati. Nilimwona hata Tawakali akijifunika mdomo.

Nikasimama.

"Kwanza: nilisema hapa hapa kwamba Saad ndiye aliyetia chewa. Hakutia. Naomba radhi mbele yenu. Mengine niliyosema juu yake siku ile bado yamesimama."

"Hiyo radhi ina mifupa!" mtu akapiga kelele.

"Imezeni polepole. Pili: Nahodha Tawakali, ulinijia na zawadi nikakufanyia utovu wa adabu. Yule chewa ni wako, yuko kwangu, na ni mzima. Nisamehe."

Mzee akainua mkono kidogo, akaushusha.

"Sasa swali la Saad. Ni kweli, wamekulana. Nilitaka kuwaonyesha mwamba wa amani, nikawachagulia wapole watupu. Ule ulikuwa uongo wangu. Chewa anakula wadogo hapa na kule Majongoo, na amekula tangu babu zetu hawajazaliwa, na hawakwisha. Kwa nini kwangu waliisha kwa wiki mbili? Mtoto mmoja aliniuliza mbona hawakukimbia. Kwa sababu kioo hakina mapango. Aliyefukuzwa hana pa kuingia. Na ninyi mnaopiga mbizi mniambie: Majongoo ya leo ina mapango mangapi? Mkivunja matumbawe kwa nanga na vyuma, mnatengeneza kioo. Chewa hana kosa. Mwenye kosa ni aliyeufanya mwamba ukawa mdogo kama chumba changu."

Hawakupiga makofi. Nimezoea makofi, nikadhani nimeshindwa. Kisha Khamisi, yule wa maneno machache, akasema bila kusimama: "Upande wa kusini umekuwa changarawe. Huoni pa kuweka mkono." Tawakali akasema, "Ni kweli." Basi.

Kazija akasimama kwa ajili ya wanawake. Wao wanakubali kufunga mpaka msimu wa upepo wa kusi uishe, akasema, lakini nani atalinda? Maana wakijinyima wao halafu usiku akavua mjomba wa mtu, itakuwa vita. Yakatajwa majina. Ndugu wawili: wakakataliwa, watavua pamoja. Marafiki wawili: vivyo hivyo. Baba na mkwe: kelele.

"Walinzi wakipendana, wanavua," akasema Kazija. "Mnatafuta wapole? Mmesikia wapole walivyomfanyia Mwalimu. Wekeni watu wasioaminiana. Mwekeni Mwalimu na Saad kwenye boti moja."

Lile bati nusura ling'oke. Saad alinigeukia, nami nikamgeukia, na kwa mara ya kwanza tulikuwa tumekubaliana: hapana. Ndiyo maana wakapitisha. Mikono ilipanda kote, wa mizani na wa ngazi. Majongoo imefungwa.

Ninashuku Kazija alilipanga hili tangu asubuhi. Sitawahi kujua, maana nikimuuliza atatania.

20 Mei

Tawakali amemchukua chewa wake akamrudishe. Wale wawili wametoka nje ya ua.

3 Juni

Zamu yetu ya kwanza. Bamvua, maji yamekupwa sana, jua kali. Saad alikuja na boti ya mashine, nikapekua sanduku lake kabla sijakaa. Naye akaomba mkoba wangu. Nikampa. Akakuta maji, mihogo na kitabu, akakitikisa kitabu kama kuna ndoana ndani.

"Kuogelea unajua, Mwalimu?"

"Sijui."

"Vaa hili, basi." Akanirushia boya la kuvaa. "Ukizama leo watasema ni mimi."

Tuliuzunguka mwamba. Upande wa mashariki, pale unapochomoza, tukaona mtu ameinama, kijiti cha chuma mkononi. Kanga nilizijua kabla ya uso. Saad akazima mashine, akakunja mikono.

"Huyu ni wako."

Nikashuka, maji magotini, viatu vikijaa mchanga.

"Mtani, unafanya nini?"

"Natembea tu. Nawajaribu mnavyolinda."

"Fungua mfuko."

"Mtani wangu! Mfuko wa mtani unafunguliwa?"

Nyuma yangu Saad alibaki botini. Nilijua anatazama, na nilijua anachongoja. Kama ningecheka, ndivyo inavyotakiwa, habari ingefika naye sokoni kabla yangu.

"Kazija. Fungua."

Akaufungua. Pweza mmoja, mdogo, bado anabadilika rangi. Uso wa Kazija haukuwa na utani hata kidogo, na sijui kama alikuwa ananijaribu kweli au watoto wake walikuwa hawana kitoweo. Nikamwambia amrudishe. Akamrudisha, yeye mwenyewe, kwa mkono, na akaondoka bila kunitukana. Hilo ndilo lililoniuma.

Nilipopanda, Saad hakunicheka. Alivuta kamba ya mashine, ikakataa, akavuta tena.

"Leo alikuwa wako, kesho zamu yangu," akasema bila kunitazama. "Boti za kaka zangu zinatoka Masoko alfajiri, nazo hupitia hapa kuvua."

"Utawaambia nini?"

"Sijui. Usichelewe."

Nimemwambia sitachelewa.